Mwongozo kamili wa kumkumbuka baba na guka (babu) baada ya matanga, kabla wanaomjua hawajaisha

Matanga yakiisha watu wa tenti wanakuja kuchukua viti vyao, sufuria zinarudi kwa wenyewe, waliotoka Nairobi na Nakuru wanaondoka Jumapili asubuhi juu Jumatatu ni kazi, na kwa boma anabaki mama na watu wachache wa kumshikilia. Hapo ndio kazi ya kumkumbuka mzee inaanza na hapo ndio familia nyingi zinaiachia. Tunasema tungoje mwaka uishe tufanye makumbusho makubwa, tukodi tenti zingine, tuchinje, tuchapishe tisheti zenye uso wake, halafu siku hiyo mjukuu anauliza guka aliingia kazi ya reli mwaka gani, watu wanaangaliana tu, juu mzee aliyekuwa anajua hiyo stori naye alizikwa mwezi wa nne.

Kwa hivyo huu mwongozo una upande wake na nausema mapema: pesa ya kumbukumbu ipungue, kazi ya kukusanya iongezeke, na uanze na watu kabla ya vitu. Nimeandika nikifikiria familia za huku kwetu, Vihiga, Kakamega, Bungoma, Kisumu, na wale wameishi Nakuru miaka yote lakini wakisema nyumbani wanamaanisha magharibi. Kila boma na mila yake na kanisa lake, chukua yenye inakufaa.

Hatua ya 1: Chagueni katibu wa kumbukumbu hata kabla ya mazishi

Asiwe mwenyekiti wa kamati ya mazishi, huyo ana bili ya mochari, ana jeneza, ana watu wa kulisha. Tafuteni mjukuu mtulivu, mwenye mwandiko unaosomeka na simu yenye nafasi, mpeni kauntabuku na mwambieni mbele ya watu wote kwamba kazi yake ni hiyo, ndio asitumwe kuteka maji kila dakika.

Kazi yake ya kwanza ni kitabu cha rambirambi. Hivi vitabu tunavijua, kutoka jalada hadi jalada ni "pumzika kwa amani mzee wetu", na sahihi. Dawa yake ni rahisi, juu ya kila ukurasa andika swali: Ulimjua wapi? Andika kitu kimoja alisema ama alifanya. Utashangaa vile watu wanabadilika wakipewa swali. Kwa wale hawaandiki, mtoto wa shule akae hapo aandike vile wanaambia.

Ya pili ni kurekodi, na hapa usimtegemee sana yule wa video mliyemlipa. Atapiga jeneza kutoka pande zote, atapiga mheshimiwa akishuka gari, lakini usiku kwa moto wa kesha hayuko, na stori zenyewe zinatoka hapo, saa nane usiku, wakati jirani anaeleza vile marehemu alifukuza mwizi wa kuku akiwa na gamboti mguu mmoja. Weka simu karibu na wazungumzaji, waambie unarekodi, tulia. Kama ni boma la Kibukusu na mzee anafikia kuswaliwa kumuse, ile hotuba ya mila ya kumuaga mzee wa heshima, omba ruhusa mapema kwa wazee na kwa yule mwenye kuswala, ukikataziwa basi sikiliza na uandike baadaye. Upande wa Wajaluo mkiwa mmeita mpiga nyatiti, chukua wimbo wote bila kukata, juu mle ndani anapitisha majina ya watu na ukoo ambayo hutayapata kwa karatasi yoyote.

Halafu kuna ile siku ya kunyoa, siku chache baada ya mazishi, watu wanakaa kusema madeni. Wengi huona ni mambo ya pesa tu na wanaondoka. Kaa. Ni hapo mtu anasimama kusema marehemu hakuwa ananidai lakini alinilipia karo ya mtoto muhula mzima na akanikataza kuongea. Hiyo iandikwe na jina la mwenye kusema na tarehe.

Hatua ya 2: Wasifu usioandikwa usiku wa kuamkia mazishi

Ile yuloji ya kwenye programu huandikwa kwa haraka, mwingine anataja shule, mwingine anabisha, kijana wa saiba anangoja achapishe. Sawa, isomwe hivyo hivyo, lakini msiichukulie kama neno la mwisho. Mwezi mmoja baadaye kaeni chini muiandike upya.

Shida kubwa ni miaka. Mwaka wa kuzaliwa kwa kitambulisho cha mzee mara nyingi ni wa kukadiria tu. Ukiuliza ndugu zake "alizaliwa lini" utapata kimya, lakini ukiuliza kwa matukio utapata jibu. Vita vya wazungu vinaisha 1945, alikuwa anachunga ng'ombe ama alikuwa bado mgongoni? Uhuru wa 1963, alikuwa ameoa? Alikuwa wapi Tom Mboya akiuawa Julai 1969, Mzee Kenyatta akifariki Agosti 1978, wanajeshi wakijaribu kupindua serikali Agosti 1982? Ile njaa ya 1984 ya mahindi ya manjano, ni mtoto gani alikuwa ananyonya? Mvua ya El Nino ya 1997 kuingia 1998, nyumba ya bati ilikuwa imejengwa? Kama alikuwa mtu wa reli, muulize mwenzake kama aliajiriwa wakati shirika lilikuwa la Afrika Mashariki nzima ama baada ya 1977 lilipogawanywa. Kama alifanya Mumias, kiwanda kilianza kusaga miwa 1973, kwa hivyo hesabu inaanzia hapo. Na kwa Wabukusu kuna njia nzuri kuliko zote, tohara yao hufanywa mwaka unaogawanyika kwa mbili na kila kundi lina jina lake, ukipata jina la waliotahiriwa naye ushapata mwaka wa tohara bila kubishana.

Andikeni watoto wa nyumba zote. Najua hapa ndio watu hukunja uso. Lakini wasifu unaoruka nyumba ya pili ama yule kijana aliyezaliwa Nakuru mzee akiwa huko kikazi ni wasifu ambao utaandikwa tena na watu wenye hasira. Na mzee msimfanye malaika. Kama alikuwa anataka nyumba nzima inyamaze saa saba mchana juu ya taarifa ya habari ya redio, na mtoto akicheka anatolewa nje, semeni hivyo, wajukuu watamjua kwa hiyo kuliko kwa "alikuwa mcha Mungu na mpenda amani".

Hatua ya 3: Simu yake msiizime

Hii iko na haraka, ndio nimeiweka mapema. Laini isipotumika muda mrefu kampuni inaweza kuirudisha sokoni apewe mtu mwingine, na WhatsApp nayo hufuta akaunti iliyokaa bila kutumika kama siku 120. Kwa hivyo simu ichajiwe, iwekwe bando kidogo, ikae na mtu mmoja anayeaminika na mama akubali. Pesa iliyo kwa M-Pesa msiguse hata kama pin mnaijua, hiyo ni mali ya mirathi na ina utaratibu wake.

Chenye mnatafuta ni sauti. Picha za mzee mko nazo, lakini sauti inapotea na baada ya miaka miwili mtu anaanza kusahau vile alikuwa anatamka jina lake. Tumeni ujumbe kwa grupu zote za familia, za kanisa, za chama: nani ana sauti ambayo mzee alimtumia? Zitakuja za kila aina. Nyingi hazina maneno makubwa, ni mzee anaagiza dawa ya kupe kutoka Nakuru, anarudia jina la dawa mara tatu, anapiga kelele kana kwamba Nakuru ni mbali hata kwa simu, halafu kabla amalize unasikia anamwambia mtu pembeni "hii kitu inazimwa wapi?" Hiyo ndio dhahabu. Ihifadhi, ipe jina linaloeleweka, mwaka kwanza halafu habari, kama 2021-guka-dawa-ya-kupe, si yale majina ya namba ambayo simu hupeana.

Pia angalieni video za harusi na harambee za kanisa, mzee wa kanisa huwa amesimama kuongea mahali. Mkishapata zote fungueni imeili moja ya familia, zile za Google zinakupa GB 15 bure, wekeni huko, na nakala nyingine kwa hard disk ya mtu tofauti anayeishi mji tofauti. Flashi peke yake hapana. Flashi zinakufa bila kuaga.

Hatua ya 4: Picha za kwa sanduku

Tafuteni sanduku la bati chini ya kitanda, bahasha ndani ya Biblia, na zile fremu za ukutani zilizofungiwa picha sita pamoja. Usizibebe zote Nairobi "nikaskani", ukizibeba hazirudi. Zipigieni hapo hapo nyumbani.

Weka picha juu ya karatasi nyeupe, karibu na mlango ama dirisha lenye mwanga lakini jua lisiigonge, zima flashi ya simu, simama juu yake wima, piga. Geuza upande wa nyuma upige pia, kule nyuma ndio kuna muhuri wa studio na tarehe. Zile zimeshikana na plastiki ya albamu usivute, piga juu ya plastiki ikibidi, picha ikichanika haina dawa. Ukiandika majina nyuma tumia penseli taratibu, wino wa biro hupenya na kuchafua uso wa mtu.

Majina yaandikwe mama ama shangazi akiwa hapo. Muonyeshe moja moja, usimwagie zote mezani. Na ukiona amenyamaza kwa moja, mngoje, usimkimbize kwa inayofuata. Za zamani zirudishwe kwa bahasha za karatasi ndani ya bati, juu ya kabati, si kwa mfuko wa plastiki unaoshika unyevu na si sakafuni kwenye mchwa.

Hatua ya 5: Kwenda kwa wazee (hii ndio kubwa)

Tengeneza orodha ya watu waliomjua kabla wewe uzaliwe. Kaka na dada zake, waliotahiriwa naye, wenzake wa kazini, aliyekuwa jirani yake kwenye kota, mashemeji, fundi wa baiskeli yake, yule mama wa soko aliyekuwa anamuuzia ndizi, hata yule walikosana naye juu ya mpaka wa shamba, tena huyo ana kumbukumbu kali. Halafu panga kwa umri na afya, mkubwa na mgonjwa anatangulia. Usipange kwa ukaribu wa barabara.

Nenda asubuhi. Si heshima tu, ni mvua: magharibi mvua inapenda kuja alasiri na ikigonga mabati rekodi yako yote inakuwa kelele. Usiende mikono mitupu, sukari, majani, mkate, inatosha. Mpigie kwanza, au tuma mtu wa boma lake amwambie unakuja na unakuja kwa nini, juu mzee akiona kijana wa mjini na simu mezani anafikiria ni mambo ya shamba na anafunga mdomo.

Simu iweke hali ya ndege isiite katikati, ilaze juu ya leso iliyokunjwa ndio isichukue mtetemo wa meza, uelekeze kipaza sauti kwake. Sema mwanzoni jina lake, mahali na tarehe. Muache aongee lugha yake. Kama ni Kilogooli ama Kijaluo aongee hiyo hiyo, usimlazimishe Kiswahili ndio wajukuu wa Nakuru waelewe, tafsiri utaandika baadaye na watu wa nyumbani watasaidia. Mzee akiongea lugha ya kukopa anakuwa mfupi na mwenye adabu, akiongea yake anaanza kuiga hata sauti ya marehemu.

Maswali sasa. "Alikuwa mtu wa namna gani?" ni swali bure, jibu ni "alikuwa mtu mzuri sana" na mmemaliza. Uliza vitu vinavyoshikika. Mlikutana wapi mara ya kwanza na alikuwa amevaa nini? Baiskeli yake ya kwanza alinunua na pesa gani, alikuwa anakuja nayo kutoka wapi? Akikasirika alikuwa anafanya nini, ananyamaza ama anaongea? Mshahara ukitoka alikuwa anaanza na nini? Alimpataje mama, nani alienda kuongea mahari, ng'ombe wangapi na nani alibaki anadai? Ni kitu gani alikuwa anataka maishani na hakupata? Hii ya mwisho uiweke mwisho, na ukishauliza nyamaza, usijaze kimya na maneno yako.

Wakibishana wawili juu ya jambo moja usiwaamue. Andika zote mbili na majina.

Kuna chanzo kingine watu wanakipuuza, madaftari yake mwenyewe. Wazee wetu wengi walikuwa na kitabu cha hesabu, kilo za majani chai alizopeleka, lita za maziwa, nani amekopa jembe. Usichome ukisafisha nyumba. Kwenye moja niliyowahi kufungua, safu moja ni ng'ombe na tarehe waliopandwa, na katikati kabisa, baada ya "mweusi amezaa, dume", mstari unaofuata kwa kalamu ile ile ni "mke wa kijana amejifungua Kisumu, msichana, kilo 3.2", halafu anaendelea na bei ya pumba. Mjukuu mwenyewe ana familia yake sasa, na hakuwahi kujua guka alimuandika.

Kama alikuwa mtumishi wa serikali ama chifu, ofisi za nyaraka za taifa ziko na tawi Nakuru, Kisumu na Kakamega, mtu mwenye subira anaweza kwenda kuuliza. Wengi hamtahitaji.

Hatua ya 6: Karatasi

Fupi tu. Kifo kiandikishwe mapema, ukipitisha miezi sita inakuwa usajili wa kuchelewa na mzunguko wake ni mrefu. Alifia nyumbani, anzeni kwa naibu wa chifu. Chukueni cheti cha kifo, toeni fotokopi nyingi, ile halisi ikae na mtu mmoja anayejulikana. Mirathi itataka hicho cheti na barua ya chifu, na jina litatangazwa kwenye gazeti la serikali siku 30 mwenye pingamizi ajitokeze. Naitaja hapa kwa sababu moja: nyumba zikianza kesi ya shamba hakuna mtu atakuja kupiga picha ya pamoja, kwa hivyo msilaze haya mambo.

Hatua ya 7: Vitu vyake, kaburi na mti

Kabla nguo na vitu havijagawanywa, katibu apige picha kila kimoja: kofia, fimbo, kiti alichokuwa anakalia, redio, panga lenye mpini uliofungwa waya. Baada ya hapo mila ya boma ifuatwe, anayechukua kofia achukue, lakini iandikwe iko kwa nani. Kiti ndio huleta maneno, ushauri wangu kibaki kwa nyumba ya mama.

Kaburi msiharakishe simenti. Udongo mbichi unashuka, acheni msimu mmoja wa mvua ndefu upite, Machi hadi Mei, halafu mjenge, la sivyo mtakuwa na nyufa kabla ya mwaka. Kwa kibao wekeni majina yake yote, lile la nyumbani pia. Tailsi za kung'aa ni shauri lenu na mifuko yenu, mimi sioni zinaongeza nini.

Mti nauunga mkono kabisa. Lusiola, ile Wajaluo wanaita siala, ni wa huku, unaota vizuri, una maua ya manjano. Ama ovakado, watoto watakula. Kalatusi hapana, unakunywa maji yote na mizizi yake si ya kuweka karibu na kaburi. Mti wowote upandwe mbali kidogo, kama hatua kumi hivi.

Hatua ya 8: Makumbusho yenyewe

Tarehe ya kifo haipendi kuangukia siku nzuri, chagueni Desemba watu wakiwa nyumbani. Kama mnataka kutangaza kwa redio, Mulembe ama Ramogi, lipieni tangazo mapema. Ibada asubuhi, chakula cha kawaida, halafu baada ya kula wekeni spika na mcheze zile rekodi: dakika chache za kila mzee, mkimaliza na sauti yake mwenyewe. Mwambieni mama siku moja kabla kwamba sauti itachezwa, asishtukizwe mbele ya watu, na akisema hataki, isichezwe.

Hotuba za wageni ziwe chache. Mheshimiwa akija apewe chai.

Hatua ya 9: Wajukuu

Jina ndio kumbukumbu inayotembea na kila jamii ina utaratibu. Waluhya wengi hurudisha jina la aliyelala, Wajaluo mara nyingine husubiri ndoto, Wakikuyu wa Nakuru wana mpangilio wao ambao haungoji hata kifo. Kama umeolewa ama umeoa upande mwingine ongeeni mapema, kabla mimba, ndio nyanya wawili wasikutane wodini kila mmoja na jina lake.

Wakati wa likizo wape wajukuu kazi aliyokuwa anafanya. Kukamua, kupogoa majani chai, kukaza waya wa ua. Waonyeshwe na mtu aliyefundishwa na yeye mwenyewe.

Mwisho chapisheni kitabu kidogo. Saiba yoyote ya Mbale ya Vihiga, Kakamega ama Kisumu itawachapia saizi ya nusu karatasi na kukifunga kwa waya: wasifu uliosahihishwa, ukoo, picha kama ishirini zenye majina, stori za wazee kwa lugha zao na tafsiri chini, na kurasa tupu nyuma juu lazima mtu atapiga simu kusema mmemsahau. Nakala ya kwanza ni ya mama, ya pili ni ya yule mzee wa hatua ya 5 aliyewapa saa tatu zake. Gharama gawanyeni kwa nyumba, si kwa kichwa, na yule wa ng'ambo asilipe zaidi ya wengine hata akijitolea, juu mwaka ujao ataanza kukiita kitabu chake.